Majani Yanayolala Kushoto

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haiji, ila nikianza bila shikamoo nitakusikia unauliza, "Hivi huyu kalelewa na nani?" Kwa hiyo shikamoo, Mama, na kama huko uliko kuna namna ya kuitikia, itikia.

Nimekaa uani kwetu Mkuyuni, kwenye kigoda chako. Ni asubuhi, na jirani wamekwisha anika dagaa juu ya jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, lile ulilokuwa unagombana nao kila mara kwa sababu na wewe ulitaka kuanika bafta yako nyeupe hapo hapo. Unakumbuka kofia ya Mzee Idrisa iliyonuka dagaa mpaka paka akamfuata Ijumaa hadi kwenye ngazi za msikiti? Ulisema, "Basi na paka kapata thawabu." Jirani bado wanaicheka hadithi hiyo. Siku hizi jiwe lote ni lao, wanaanika wanavyotaka, na mimi sina hata hamu ya kugombana nao.

Mfuko wako wa kushonea bado uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani yake kuna kofia ya mkwe. Uliianza nilipomaliza shule, ukasema atakayenioa ataingia harusini na kofia iliyoshonwa na mama mkwe wake kwa mkono. Miaka ikaenda, mkwe haonekani, na wewe ukawa unashona jani moja la nakshi leo, jani jingine mwezi ujao, makusudi, usije ukaimaliza kabla hajaja. "Mimi sina haraka," ulikuwa ukiwaambia wageni huku unanitazama kwa pembe ya jicho, "na mwenyewe naona hana." Nilikuwa nakasirika kweli! Sasa natamani mgeni yeyote aje ili uniaibishe tena mbele yake. Umeiacha kofia nusu, sindano imechomekwa pale pale uliposimama, na mpaka juzi nilikuwa siigusi.

Nakuandikia kwa sababu ya ukuta. Uliniambia nisikutundike picha. Na mimi, Mama, tangu uondoke sijatamani kitu kama kukutundika. Nimepigana na neno lako hilo tangu msiba ulipokwisha na watu walipotawanyika, na nataka usikie kutoka kwangu jinsi lilivyokwisha, maana Shangazi Tatu akitangulia kufika huko atakueleza kwa namna yake, na unamjua wifi yako akianza kueleza.

Nianze na mkono wako, kwa sababu mambo yote yametokea hapo.

Uliletwa kwenye nyumba hii ukiwa msichana wa Kisesa, binti wa wakulima wa pamba, jina lako Doto, umesilimu juzi na kupewa jina la Zainabu ambalo ulikuwa unasahau kuitika. Na una mashoto. Shangazi Tatu, dada yake Baba, alikuwa bado hajaolewa, naye hakukuachia: unakula huku unakodolewa macho, mkono wa kushoto ukisogea tu kwenye sinia, kikohozi. Ulijifunza kula kwa kulia huku unamwaga wali kama mtoto. Halafu Bibi, mama yake Baba, akakuita umkalie mbele akufundishe kushona kofia, kwa sababu wanawake wote wa nyumba hii walishona kofia na wewe usingekaa bure. Ukashika sindano kwa mkono uleule wa kushoto. Shangazi akakohoa. Bibi akasema, "Tatu, usitukoholee hapa. Mkono wa kula ni wa kulia. Sindano haili."

Ulinisimulia hayo mara nyingi mpaka nikawa namwona Bibi, ingawa nilimdiriki kidogo tu. Mlikaa mmetazamana, goti kwa goti. Yeye anashona kwa kulia, wewe unamfuata kwa kushoto, na kila alichofanya yeye kikatokea kwako kimegeuka. Majani ya kofia zake yalilala kulia, kama ya kofia zote za mji huu. Yako yakalala kushoto. Wenzako walikwenda upande mmoja, wewe ukaenda upande wa pili. Mlipogundua, ulikuwa umekwisha maliza mkanda mzima wa pembeni, ukataka kufumua, unalia. Bibi akaugeuza mkanda juu chini, akautazama, akasema, "Na msahafu si unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto? Acha. Huo ndio mkono wako."

Huo ndio mkono wako. Mama, nadhani hakuna aliyewahi kuambiwa neno zuri kuliko hilo kwenye nyumba ya ukweni.

Na mimi neno hilo lilinisaidia nikiwa bado mdogo. Ilikuwa Idd, watu wamejaa uwanjani, mimi nikauachia mkono wa Baba kwa sababu ya muuza kashata. Kugeuka, wanaume wote wana kanzu nyeupe, wote wana kofia nyeupe, wote migongo. Nilipiga ukelele mpaka ukanisikia upande wa wanawake. Hukuja mbio kama mama wengine. Uliniinamia, ukanifuta kamasi kwa ncha ya kanga, ukasema, "Usitafute mtu. Tafuta kofia inayolala kushoto." Nikapita kati ya migongo ile nikitazama juu, vichwa, vichwa, vichwa, na majani yote yanalala kulia, mpaka nikamwona Baba. Nilimshika kanzu kwa nyuma bila hata kumwona uso. Alishtuka, maskini, alikuwa anasalimiana na tajiri wake wa kazini.

Nimekuwa mchoraji labda tangu siku hiyo. Wewe ulikuwa unasema ni tangu nilipochora ng'ombe kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa ukanichapa.

Kazi yangu ilipendwa na mikono yako ila ikaipa taabu dini yako, najua. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kufungua duka lake, Mwanza nzima ilitaka bango. Saluni, vinyozi, video, mashine za kusaga, minofu ya sangara. Mwanamke mwenye ushungi juu ya ngazi ameshika brashi: watu walisimama barabarani kunitazama, wengine wakanishangilia, wengine wakasema astaghafirullah, na wote wakanilipa niwachoree mabango yao. Nilikuwa nayakausha hapa uani. Wewe ukitaka kuswali Alasiri ulikuwa unatoka na kanga zako na kuwafunika wale wanawake wa saluni nyuso zao, mmoja mmoja, taratibu, na ukimaliza kuswali unawafunua na kuwauliza kama wameumia shingo. Hukuniambia hata siku moja niache. Uliniambia tu, "Wachore wasonge mbali kidogo na kibla."

Halafu zikaja zile kofia. Nakumbuka siku niliyokununulia moja sokoni, ya mashine, imetoka ng'ambo, imefungwa kwenye nailoni, bei yake haifikii hata bei ya kitambaa chako cha bafta peke yake. Nilitaka uone tunashindana na nini. Uliitoa, ukaigeuza, ukaitazama ndani, ukaipitisha kidole. Majani yake yalikuwa yamenyooka wima, yote sawasawa, hayalali popote. Ukanirudishia ukasema, "Nzuri. Ila haina mtu ndani." Nilicheka, nikadhani ni maneno ya fundi aliyenyang'anywa wateja. Na wateja kweli walikwenda, wakabaki wazee wachache na bwana harusi mmoja mmoja.

Mwaka ule kifua kilipokushika, kazi ya mikono ndiyo ya mwisho kuiacha. Pumzi imekatika, sauti imekatika, sindano inakwenda. Siku moja, mchana, nakuwekea mto mgongoni, ukasema bila kunitazama, "Mwajuma, nikiondoka usinitundike." Nikasema Mama acha maneno hayo. Ukasema, "Usinitundike ukutani. Ahidi." Nikaahidi haraka haraka ili unyamaze.

Walipokuja wanawake kukuosha, niliingia nao. Walianza upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa upande wa kushoto, naushika mkono wako, nauambia moyoni subiri, zamu yako inakuja. Kidole cha shahada kilikuwa na ile sugu ya sindano, ngumu kama punje ya mahindi. Nilikiosha kidole hicho mpaka Shangazi Tatu akanigusa bega. Halafu wanaume wakakuchukua, na sisi wanawake tukabaki hapa uani na viatu vya watu, na sikuona walipokuweka. Labda ndiyo maana nilipatwa na ile njaa. Ndiyo, njaa ndilo jina lake. Nilitaka uso wako niuone kila siku, asubuhi na jioni.

Sasa sikia lililotokea.

Bwana Kamuli, yule Mkerewe niliyemchorea bango la samaki, amejenga hoteli ufukweni. Alikuja hapa mwenyewe, na gari, akasema anataka kuifungua kwa maonyesho ya wachoraji wa huku kwetu, picha ukutani, wageni waalikwa, na jina la mchoraji chini ya kila picha. Jina, Mama! Miaka yote hii majina niliyoandika ni ya wenye saluni. Akasema kila mchoraji alete picha moja, sura ya mtu wa Ziwa, mtu anayemjua. Nilijibu kabla hajamaliza sentensi. Nikasema nitaleta mama yangu.

Kiapo nilikikumbuka, usidhani sikukikumbuka. Nilijiambia hoteli si nyumba yetu. Nilijiambia uliogopa malaika wasiingie kwenye nyumba yenye picha ya mtu, na hotelini malaika wana sababu nyingine nyingi za kutoingia. Unaniona ninavyojua kubishana nikitaka kitu.

Nikakuchora. Nilitumia ile picha ndogo ya kitambulisho na kumbukumbu yangu. Na nikuambie bila haya, nilikuchora vizuri. Ushungi, paji la uso, lile jicho moja linalokaa chini kidogo ya mwenzake. Bwana Kamuli alipoiona alivua miwani. Niliiegemeza hapa ukutani na kila asubuhi nikawa nakuamkia.

Shangazi Tatu akasikia. Nani hasikii Mkuyuni? Akaja na bakora yake, akasimama mlangoni, hakukaa. "Mwajuma, nimeambiwa unataka kumtundika wifi yangu kwenye nyumba ya bia." Nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali, kwamba wifi aliyemkoholea mpaka wali ukamwagika, leo ndio anamtetea? Akasema, "Ndiyo. Leo ndio namtetea," akaondoka. Nilibaki na hasira, na kitu kingine ambacho hakikuwa hasira.

Halafu siku moja nilikuwa nafua, nikataka kukumbuka ulivyokuwa ukicheka.

Nilitaka kukumbuka siku ya Kigongo. Tulikuwa kwenye kivuko tunakwenda upande wa Busisi kumpelekea bwana harusi kofia, Baba naye yupo, bado hai, upepo mkali. Ukaitoa kofia kwenye karatasi ili uitazame mara ya mwisho kwenye mwanga. Upepo ukaichukua. Tuliiona inakwenda, inatua juu ya maji kichwa chini, inaelea kama bakuli. Kazi ya wiki na wiki! Baba akashika kichwa. Abiria wakasema pole mama. Na wewe ukasema, "Acheni, na samaki nao waende Ijumaa," ukacheka, ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye chuma cha kivuko, na Baba akavua kofia yake mwenyewe ikaenda kuozesha mtu, akarudi nyumbani kichwa wazi.

Nakumbuka maneno yote hayo. Lakini nilipotaka kuuona mdomo wako unacheka, Mama, ikaja picha. Ile yangu. Mdomo umefungwa, mtulivu, umependeza, kama niliouchora. Nikafumba macho nikajaribu tena. Ikaja picha. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikakaa chini.

Hapo ndipo nilipokumbuka ukuta wa Kisesa. Nilikuwa mdogo, mara ya kwanza unanipeleka kwa wazazi wako. Tumeingia sebuleni, pale kuna msalaba, kalenda ya chama cha ushirika, na wewe. Wewe, msichana, kwenye fremu, umewekewa maua ya plastiki. Nililia nikakuuliza, "Mama, mbona uko ukutani?" Ukanibeba ukatoka nami nje. Ndipo nilipojua kwamba ulizaliwa pacha, kwamba aliyetangulia aliitwa Kulwa na akafa mkiwa wasichana, na kwamba uso wake na wako ulikuwa mmoja. Ulinieleza mengine nilipokua. Kwamba mama yako alikuwa anazungumza na picha ile, anaipangusa, anaisifu utulivu wake. Na Kulwa hakuwa mtulivu hata kidogo! Alikuwa mtundu, alipanda miti, alikuwa anakung'ata. "Mwisho wakawa wanaikumbuka picha," ulisema, "yeye wamemsahau. Nimebaki mimi tu ninayemjua, na kila nikiingia pale najiona nimekufa."

Kwa hiyo hukuwa unawaogopea malaika tu. Ulikuwa unajiogopea. Nilikuwa najua hayo yote na sikuyaunganisha mpaka siku ile ya beseni.

Nilichukua rangi nyeupe ya mabango, brashi pana. Nilianza chini, kwenye kidevu, kwa sababu macho sikuweza. Nilikufuta, Mama. Nilikufuta kwa mkono wangu huu na nililia kwa sauti mpaka jirani wakaacha dagaa wao wakaja kuniuliza nani tena amekufa. Nikawaambia hakuna, nafanya kazi.

Ukabaki ubao mweupe na maonyesho yamekaribia. Nikaenda nyuma ya mlango nikaushusha mfuko wako. Kofia sikuigusa, niliitazama tu, na nikaona nilichokuwa natafuta. Nilinunua bafta, jora karibu zima. Nilichofanya ni kofia yako, nusu ile ile, lakini kubwa kama ukuta wa chumba. Kila jani lako urefu wa mkono wangu, kila tundu lako la kati ya majani upana wa sahani, nimekata na kushona pembeni jani kwa jani, na yote yanalala kushoto. Vidole vyangu vilivimba. Nilikuwa nakutukana kidogo, samahani, nikiuliza ni mwanamke gani mwenye akili anaweza kupenda kazi hii. Na nilipofika pale ulipoishia, na mimi nikaishia. Nikachomeka sindano kubwa ya magunia, nikaacha kitambaa kilichobaki kikiwa kitupu.

Bwana Kamuli alikuja kukitazama siku tulipokitundika barazani, upande wa Ziwa, mbali na kaunta yake. Akasema, "Fundi, sura iko wapi?" Nikamwambia asimame pale. Jua la jioni lilikuwa linapiga kutoka upande wa maji, likapita kwenye matundu, majani yote yakamwangukia sakafuni na kwenye shati lake. Akajitazama tumbo. "Lakini hii ni kofia," akasema. Nikamwambia ndiyo, ni kofia. Akakuna kichwa, akasema basi liwalo na liwe, lakini jina langu aliliandika vizuri, herufi kubwa.

Siku ya wageni alikuwepo kijana wa gazeti, ana kalamu mbili masikioni. Akaniuliza je, tuseme hii ni sanaa ya Kiislamu au ni ya Kisukuma? Maana ameambiwa mama yangu alikuwa wa Kisesa. Au kwa vile mimi ni mtu wa mjini, ni sanaa ya kisasa? Mimi swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, kwa maneno mengine. Kisesa wanasema mtoto wa Waswahili. Mjini wanasema mtoto wa Doto. Zamani ningetafuta jibu la kumridhisha. Nikamwambia, "Andika ni mkono wa mama yangu." Akaandika, sijui kama aliridhika.

Ila mtu niliyekuwa namngoja hakuwa yeye. Nilimwona Shangazi Tatu anapanda ngazi za hoteli na bakora, uso umekunjwa, amekuja kukagua kama nimekutundika. Akapita kaunta bila kuitazama. Akatazama kuta zote, sura za watu, akazipita. Akafika barazani. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo, mtu mzima mimi.

Alikitazama kitambaa muda mrefu. Akasogea, akanyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani moja, kuanzia chini kwenda juu, kuelekea kushoto. Halafu la pili. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama amekukuta jikoni, "Wifi."

Akaanza kulia, Mama. Shangazi Tatu! Yule ambaye hakulia hata alipofiwa na mumewe. Nikatoka nyuma ya nguzo. Nilidhani atanikumbatia, nawe ungedhani hivyo. Akanigeukia, akaonyesha kwa bakora ile sindano ya magunia na kitambaa kitupu kilichobaki, akasema, "Na huku? Umemwacha papo hapo alipofia? Mtoto gani wewe?" Nikamwambia siwezi kuendelea, mkono wangu si wake, mimi nashona kulia, nitaharibu. Akajifuta macho kwa ushungi. Akasema, "Mama yangu aliwahi kuniambia nisikohoe. Na wewe nakuambia hivyo hivyo: usiukoholee mkono wako."

Ndiyo hivyo, Mama. Kitambaa kitabaki kule hotelini mpaka Bwana Kamuli akichoke. Mimi jana baada ya Alasiri nilikaa hapa kwenye kigoda chako na kofia ya mkwe, ile yenyewe. Niliitoa sindano pale ulipoichomeka. Ilikuwa imeshika kutu kidogo, ikaacha alama ya kahawia kwenye bafta, nimeiacha alama hiyo. Nikasema Bismillahi, kama ulivyokuwa unasema. Nikashona jani langu la kwanza pembeni mwa jani lako la mwisho.

Langu limelala kulia, sikuweza vinginevyo. Lako limelala kushoto. Nilikuwa sijafikiria yatakavyokuwa yakikaa jirani. Mama, yameinamiana. Vichwa vimekutana kabisa, kama tulivyokuwa tukikaa tukichambua mchele kwenye ungo mmoja.

Nimekwisha piga hesabu ya upande wa pili, mahali mduara utakapokutana tena. Pale yatapeana migongo. Sawa tu. Na sisi tulilala kitanda kimoja siku nyingi tumepeana migongo, umenuna, nimenuna, na asubuhi chai ikanywewa.

Nakuahidi nitaimaliza. Mkwe akija ataivaa, na akiuliza kwa nini imekaa hivyo nitamweleza, na asipoelewa arudi kwao. Asipokuja, nitakupa taarifa. Na ukutani hutapanda, Mama, hilo nimeapa tena, safari hii bila haraka. Kwaheri sasa, lala salama, Mungu akuangazie hapo ulipo. Siku tutakayokusanywa sote, watu wote, migongo yote, usihangaike kuniita. Najua namna ya kukutafuta.

Nilipomaliza lile jani jana nilikata uzi kwa meno, kama wewe. Halafu nikaiambia sindano lile neno la shukrani la kwenu Kisesa ulilokuwa ukiiambia kila jani likiisha, ambalo Bibi alilizoea mpaka na yeye akawa analisema.

Wabeja.

Ni mimi mwanao,
Mwajuma